Mjumbe wa Maagizo, Mdhamini au Mfano wa Watu: Ulinganisho wa Namna za Uwakilishi wa Kisiasa

Watu wakizidi idadi inayoweza kukutana na kusikilizana mahali pamoja, hawana budi kuwaachia wachache kazi ya kusema na kuamua kwa niaba yao. Hilo halina ubishi mkubwa. Ubishi huanza pale wanapotakiwa kuamua hao wachache wapatikane vipi, wafungwe na nini, na wakikosea waulizwe na nani. Ulinganisho huu umekusudiwa kwa mtu anayelazimika kuchagua: anayetunga kanuni za jumuiya yenye wanachama wengi, anayetoa maoni kuhusu katiba, au mpiga kura anayetafuta kipimo cha haki cha kumpimia mbunge wake.

Nadharia imetuachia ncha mbili zilizo mbalimbali. Thomas Hobbes, katika Leviathan ya mwaka 1651, aliona kwamba umati wa watu hauwi kitu kimoja mpaka upate wa kuuwakilisha, na kwamba wakishampa idhini, kila atakalolitenda huhesabika kuwa wamelitenda wao. Jean-Jacques Rousseau alishika ncha ya pili mwaka 1762: utashi wa umma hauwakilishwi, na Waingereza waliojiona huru walikuwa huru, kwa hoja yake, wakati wa kuchagua wabunge tu, kisha wakarudi utumwani. Ukimfuata Hobbes mpaka mwisho, mwakilishi hana wa kumhoji. Ukimfuata Rousseau mpaka mwisho, huna bunge. Mifumo inayotumika leo karibu yote imesimama katikati, na ni humo katikati ambamo chaguo gumu limo.

Mwaka 1967 mwananadharia wa siasa Hanna Pitkin alizitenganisha maana zilizokuwa zimechanganyika: kupewa idhini ya kutenda, kuwajibika kwa kilichotendwa, kufanana na wanaowakilishwa, kuwa alama yao, na kutenda kwa manufaa yao. Nadhani utenganisho huo una faida kuliko ufafanuzi wowote mmoja wa uwakilishi, kwa sababu magomvi mengi ya hadharani ni ya watu wanaotumia vipimo tofauti bila kujua. Mmoja hulalamika kwamba baraza haliwawakilishi, akimaanisha halifanani nao; mwingine humjibu kwamba lilichaguliwa kihalali; na wote wawili husema kweli.

Kabla ya kuuliza nani anafaa kuwakilisha, napendekeza liulizwe swali jingine: katika mambo yatakayofika mezani, je, wanaowakilishwa wameshajua wanachokitaka, au msimamo wao utatengenezwa hukohuko wanakopelekwa wawakilishi? Jibu la swali hilo hubadilisha karibu kila chaguo linalofuata.

Mwenye maagizo na mwenye dhamana

Mwakilishi wa maagizo ametumwa. Huondoka na msimamo uliokwisha kupitishwa, huusema kama alivyopewa, na likizuka jambo ambalo hakuagizwa, hurudi kuuliza. Mwakilishi wa dhamana ameaminiwa. Husikiliza hoja za wenzake kutoka kwingine, hupima, na huweza kupiga kura kinyume cha matakwa ya waliomchagua akiamini kwamba kufanya hivyo kuna manufaa kwao au kwa taifa zima.

Mji wa Bristol nchini Uingereza unatupa nafasi adimu ya kuwatazama wote wawili pamoja, kwa kuwa mwaka 1774 ulipeleka bungeni mmoja wa kila aina. Henry Cruger, mfanyabiashara, aliwaambia wapiga kura kwamba anakubali kufungwa na maagizo yao. Edmund Burke, katika hotuba yake ya tarehe 3 Novemba mwaka huo, aliwaambia kwamba mbunge anawiwa nao bidii na pia busara yake, na kwamba akiitoa busara hiyo kafara kwa maoni yao atakuwa amewasaliti badala ya kuwatumikia. Bunge kwake halikuwa mkutano wa mabalozi wa maslahi yanayopingana. Miaka iliyofuata aliishi kama alivyosema. Aliunga mkono kulegezwa kwa masharti ya biashara ya Ireland, jambo ambalo wafanyabiashara wa Bristol waliliona kuwa ni kupokonywa tonge mdomoni, akaunga mkono pia kupunguzwa kwa sheria zilizowabana Wakatoliki, na mjini kwenyewe alionekana kwa nadra. Mwaka 1780, alipoona hana kura za kutosha, alijitoa kwenye uchaguzi. Wengi wanaousimulia mkasa huu hukomea hapo, kana kwamba umethibitisha kuwa mpiga kura humwadhibu asiyemtii. Huacha jambo moja: Cruger aliyeahidi kutii naye alishindwa mwaka huohuo, na hakurudi bungeni mpaka 1784. Utii haukuwa kinga, na ukaidi haukuwa sababu pekee ya kuanguka.

Tukiziweka aina hizi mbili ubavu kwa ubavu, maagizo yana sifa ya kuonekana. Aliyetuma anajua alichokiagiza, na akisoma kumbukumbu za kikao anaona kama kilisemwa. Hapana haja ya kuchunguza nia ya mtu. Mwakilishi mwenyewe hupata hifadhi, maana mjumbe hauawi: akilaumiwa na upande wa pili kwa ugumu wa msimamo wake, hujibu kwamba si wake. Hasara ni kwamba hifadhi hiyohiyo humfanya asiwe na la kutoa wala la kupokea. Wajumbe wote wakija wamefungwa, kikao hugeuka mahali pa kuhesabu misimamo, na hoja nzuri iliyotolewa humo haina wa kuisikia kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kushawishika.

Dhamana huponya kasoro hiyo kwa gharama nyingine. Mdhamini anaweza kujifunza kikaoni, kukubali nusu ya alichokitaka ili asikose chote, na kuwatetea walio wachache ndani ya eneo lake. Lakini yeye ndiye shahidi pekee wa busara yake. Anayebadili msimamo kwa sababu amesadiki hoja na anayebadili kwa sababu amenunuliwa hutumia maneno yaleyale.

Hapa niingize angalizo ambalo mjadala wa Bristol huliacha nje. Katika mabunge mengi ya leo mbunge ana bwana wa tatu, yaani chama. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Ufaransa ya mwaka 1958 kinasema kwamba maagizo yoyote ya kumfunga mbunge ni batili, lakini hakizuii mnadhimu wa chama kumkumbusha ni nani aliyempa tiketi ya kugombea. Kwa hiyo anayependekeza uwakilishi wa dhamana kwa jina la dhamiri ya mtu mmoja mmoja aulize kwanza kama kanuni za chama zitamwachia huyo mtu dhamiri ya kutumia. Zisipomwachia, kilichochaguliwa ni maagizo yanayotoka mlango mwingine.

Ujerumani imeziweka aina zote mbili ndani ya katiba moja, na tukio moja la huko linaonyesha vizuri mpaka wa kila aina. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Msingi ya mwaka 1949 kinasema kwamba wabunge wa Bundestag, bunge linalochaguliwa na wananchi, hawafungwi na amri wala maagizo, bali na dhamiri zao tu. Katika Bundesrat, baraza la majimbo, mambo ni kinyume: wajumbe ni watu wa serikali za majimbo, kila jimbo lina kura kati ya 3 na 6, na kura za jimbo moja lazima ziende upande mmoja. Tarehe 22 Machi 2002 Bundesrat ilipigia kura sheria ya uhamiaji. Jimbo la Brandenburg lilipoitwa, waziri wake Alwin Ziel alijibu ndiyo, na Jörg Schönbohm, mwenzake katika serikali hiyohiyo ya mseto lakini wa chama kingine, akajibu hapana. Mwenyekiti wa kikao, Klaus Wowereit, alimgeukia kiongozi wa serikali ya jimbo, Manfred Stolpe, ambaye alisema ndiyo, na kura 4 za Brandenburg zikaandikwa kuwa za kuunga mkono. Desemba mwaka huo Mahakama ya Katiba ya Shirikisho iliibatilisha sheria nzima, kwa hoja kwamba jimbo lililotamka kauli mbili halikuwa limekubali.

Tatizo la Brandenburg halikuwa ukaidi wa mjumbe. Serikali ya mseto iliyowatuma haikuwa na msimamo mmoja, na mfumo wa maagizo hauna dawa ya hali hiyo, kwani mjumbe hawezi kuubeba msimamo ambao aliyemtuma hajaupata. Ndiyo maana naona maagizo yanafaa katika vyombo ambamo wanaotuma ni wachache, wana njia za kukubaliana kabla ya kikao, na jambo linalojadiliwa linajulikana mapema: mabaraza ya majimbo, mikutano mikuu ya vyama vya wafanyakazi, mashirikisho ya ushirika. Kwa bunge la nchi, ambalo ajenda yake hubadilika kila wiki na wapiga kura wa jimbo moja wenyewe hawakubaliani, dhamana ndiyo yenye nafasi, mradi anayepewa awajibike kueleza hadharani sababu za kila kura aliyopiga kinyume cha ahadi yake.

Kufanana na kutenda

John Adams, mmoja wa waasisi wa Marekani, aliandika mwaka 1776 kwamba bunge la wawakilishi linapaswa kuwa picha ndogo iliyo sawasawa na watu wote. Wazo hilo lina mvuto wa haraka, na lina maadui wa haraka. Wanaolipinga husema kwamba picha haifanyi kazi: mtu anaweza kufanana nami kwa sura, lugha na kipato, kisha akapiga kura ya kunidhuru. Pitkin mwenyewe aliegemea upande huo, akiona kwamba kinachojalisha ni atakachotenda mwakilishi kuliko alivyo.

Waliolitetea baadaye hawakudai kwamba kufanana kunatosha. Anne Phillips, mwaka 1995, alitetea siasa ya kuwapo, nayo inakaribiana sana na msemo wetu kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Jane Mansbridge, mwaka 1999, alibainisha hali ambamo kufanana kuna thamani kuliko gharama zake, na kati ya hizo mbili zinagusa moja kwa moja swali letu la awali: pale ambapo kundi halijawahi kupata nafasi ya kuyaweka mahitaji yake katika maneno ya sera, na pale ambapo historia imejenga kutoaminiana kiasi kwamba mtu wa kundi hilo hawezi kumweleza mbunge asiye wa kwao yanayomsibu. Hoja hii ni nzuri kwa sababu inaonyesha maagizo yanavyoshindwa. Huwezi kumwagiza mtu jambo ambalo bado hujalipatia jina, lakini aliyeishi maisha yako anaweza kulitambua likichomoza katikati ya mjadala wa jambo jingine kabisa.

Ushahidi wenye nguvu ninaoujua unatoka vijijini India. Marekebisho ya 73 ya Katiba, yaliyoanza kutumika mwaka 1993, yalitenga theluthi moja ya viti vya mabaraza ya vijiji, pamoja na theluthi moja ya nafasi za uenyekiti, kwa ajili ya wanawake. Kwa kuwa mabaraza yaliyotengewa mwenyekiti mwanamke yalipatikana kwa utaratibu usiotegemea hali ya kijiji, Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo waliweza kuyalinganisha na yale yasiyotengewa, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2004. Katika West Bengal wanawake walikuwa wakilalamikia maji ya kunywa na barabara kuliko wanaume. Katika Rajasthan walilalamikia maji zaidi lakini barabara kidogo kuliko wanaume. Mabaraza yaliyoongozwa na wanawake West Bengal yaliwekeza zaidi katika maji na barabara. Yale ya Rajasthan yaliwekeza zaidi katika maji, na katika barabara yakawekeza kidogo kuliko mengine. Tofauti ya barabara ndiyo inayonishawishi. Ingekuwa wanawake viongozi hujenga tu zaidi kwa bidii yao, barabara zingeongezeka kotekote. Zilipungua pale ambapo wanawake wa hapo hawakuzitanguliza.

Kwa anayechagua, basi, swali la kufanana au kutenda halina haja ya kujibiwa kwa kukata upande mmoja. Kinachohitaji uangalifu ni njia ya kuwapata wanaofanana, na hapa mifumo hutofautiana kuliko watu wanavyodhani. India hutumia kura ya moja kwa moja na kuzungusha viti vilivyotengwa: mwenye kiti huwajibika kwa wapiga kura wa eneo lake, lakini kiti kikihamia eneo jingine hupoteza kinga ya kutengewa kiti, na mpiga kura hapati nafasi ya kumlipa mema au mabaya aliyotenda. Rwanda, ambayo katiba yake ya mwaka 2003 iliweka angalau asilimia 30 ya wanawake katika vyombo vya maamuzi, ilitenga viti 24 kati ya 80 vya bunge lake la wawakilishi vijazwe na wanawake kupitia vyombo maalum vya kuchagulia. Mwaka 2008 lilikuwa bunge la kwanza duniani kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume. Tanzania hugawa viti maalum vya wanawake kwa vyama kwa kufuata kura walizopata, na majina hutoka katika vyama hivyo.

Njia hizi tatu zote huongeza idadi ya wanawake. Hazizai mwakilishi wa aina moja. Aliyewekwa na chama hujua kwamba muhula wake ujao uko mkononi mwa viongozi wa chama, na sioni haki ya kumlaumu yeye binafsi kwa kuwa mwangalifu nao. Lawama ni ya kanuni iliyomweka hapo. Kama ningeulizwa kuchagua, ningechagua kura ya moja kwa moja katika maeneo makubwa yaliyotengwa na yasiyozungushwa haraka, hata kama kampeni zake ni za gharama, kwa sababu kufanana kusikoandamana na uwezo wa wapiga kura kumwondoa mtu huishia kuwa picha tu, kama maadui wa Adams walivyohofia.

Eneo na orodha

Mfumo wa jimbo moja mbunge mmoja humpa kila mpiga kura mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Mfumo wa uwiano, ambamo vyama hugawiwa viti kwa kadiri ya kura na kuvijaza kutoka orodha zao za wagombea, humpa chama kinacholingana na maoni yake. Hiyo ni tofauti ya kweli, na mara nyingi hufichwa na mabishano kuhusu utulivu wa serikali.

Lesotho ilizionja gharama za njia ya kwanza mwaka 1998. Chama cha LCD (Lesotho Congress for Democracy) kilipata zaidi kidogo ya asilimia 60 ya kura, na kwa kura hizo kikachukua viti 79 kati ya 80. Hapakuwa na kosa la hesabu. Ndivyo mfumo unavyofanya kazi wafuasi wa chama kimoja wakienea nchi nzima. Lakini bunge ambalo karibu wapiga kura wanne katika kumi hawana wa kusema kwa niaba yao, isipokuwa mtu mmoja, ni gumu kulieleza kwa walioshindwa. Machafuko yaliyofuata yaliteketeza sehemu ya mji mkuu, Maseru, na kuleta majeshi kutoka Afrika Kusini na Botswana. Uchaguzi wa mwaka 2002 ulitumia mfumo mchanganyiko, wenye viti 80 vya majimbo na 40 vya kufidia uwiano. Pasipo ghasia zozote, Uingereza ilionyesha hesabu ya jamii hiyohiyo mwaka 2024, pale chama cha Labour kilipopata viti 411 kati ya 650 kwa asilimia 33.7 ya kura.

Afrika Kusini ina kinyume chake. Tangu 1994 viti 400 vya bunge lake vimegawanywa kwa uwiano, na kura hutafsiriwa kuwa viti kwa uaminifu mkubwa. Mpiga kura, hata hivyo, hana mbunge anayeweza kumwita wake kwa haki ya kura, na anayepoteza uanachama wa chama hupoteza kiti. Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2020 kwamba kuwazuia wagombea binafsi ni kinyume cha katiba, na mwaka 2024 waligombea kwa mara ya kwanza. Mpango wa orodha haukuguswa kwa undani.

Anayetaka bunge linalofanana na mgawanyo wa maoni achukue uwiano. Anayetaka mtu wa kumwendea akiwa na shida ya maji au hati ya ardhi achukue jimbo. Mfumo mchanganyiko, ambao New Zealand iliukubali kwa kura ya maoni mwaka 1993 na kuutumia kuanzia 1996, hutoa sehemu ya kila kimoja, na kwa nchi zenye mgawanyiko mkubwa sioni sababu nzito ya kuukataa isipokuwa ugumu wa kuueleza.

Kura na bahati nasibu

Uchaguzi, kama Bernard Manin alivyokumbusha, una chembe ya kuchagua walio bora au wanaoonekana kuwa bora, kwa hiyo daima huwapeleka juu watu wenye sifa, fedha au umaarufu usio wa kawaida. Waathene wa kale walijua hilo. Baraza lao la watu 500, 50 kutoka kila kabila kati ya makabila 10, lilijazwa kwa bahati nasibu.

Siku hizi njia hiyo imerudi kwa kazi maalum. Jimbo la British Columbia nchini Kanada liliunda mwaka 2004 baraza la wananchi 160 waliopatikana kwa bahati nasibu, wakiwemo mwanamume mmoja na mwanamke mmoja kutoka kila jimbo la uchaguzi, pamoja na mwenyekiti, ili wapendekeze mfumo wa kupiga kura. Mantiki yake haina dosari: wanasiasa hawapaswi kuwa waamuzi wa sheria inayowaingiza madarakani. Pendekezo lao lilipelekwa kwenye kura ya maoni mwaka 2005 likapata asilimia 57.7, ambayo ilipungua kiwango cha asilimia 60 kilichowekwa, na miaka minne baadaye likashindwa kwa mbali. Ireland ilipata matunda zaidi. Baraza la wananchi 99 na mwenyekiti wao lililoanza kazi mwaka 2016 lilichambua suala la utoaji mimba, na kura ya maoni ya Mei 2018 ikapitisha mabadiliko kwa asilimia 66.4.

Aliyepatikana kwa bahati nasibu hana deni kwa mfadhili wala hofu ya uchaguzi ujao, na akipewa muda na wataalamu huweza kujenga msimamo ambao haukuwapo. Kwa jambo ambalo wananchi hawajalifikia uamuzi, na ambalo wanasiasa wana maslahi nalo au wanaliogopa, sioni chombo kinachomzidi. Kasoro yake ni kwamba hajapewa idhini na yeyote, na hakuna njia ya kumwuliza baadaye. Ndiyo maana sehemu hizi zote mbili zilimpa kazi ya kupendekeza na kuacha uamuzi kwa kura ya wote, na naona mpaka huo usivukwe.

Wanaowakilisha bila kuchaguliwa

Nje ya vyombo rasmi kuna uwakilishi mwingine, na katika utamaduni wa hadhara ndio unaosikika zaidi. Michael Saward aliueleza mwaka 2010 kama dai: mtu husimama na kusema kwamba yeye ni sauti ya vijana, ya wakulima au ya vizazi vijavyo, na dai hilo huishi au hufa kutegemea kama wanaotajwa wanalikubali. Wanaharakati, viongozi wa dini na wasanii hufanya hivyo kila siku. Kuna pia uwakilishi wa alama. Tarehe 24 Juni 1995, Nelson Mandela alipoingia uwanja wa Ellis Park amevaa jezi ya Springboks, timu ya taifa ya raga iliyokuwa ikihusishwa na utawala wa Wazungu, hakuwa anapitisha sheria wala kupokea maagizo ya mtu, lakini alifanya jambo ambalo bunge lisingeweza.

Ukilinganisha uwakilishi huu na ule wa kura, kipimo cha kuwa na idhini hakifai, kwa sababu kila dai litafeli. Kipimo ni kama wanaotajwa wana njia ya kukanusha na wakasikika. Wafungwa, wahamiaji na watoto hawana kura ya kumpa mtu, na pengine hawatapata msemaji mwingine. Kuwanyamazisha wanaojitolea kuwasemea ni kuwaacha bila yeyote. Mbele ya kamati ya kutunga sheria, hata hivyo, msemaji wa namna hii apewe nafasi ya kutoa ushahidi, asipewe kura.

Njia ya kumwondoa

Chaguo la mwisho hutungwa mara nyingi kwa haraka, nalo huweza kuyapindua yote yaliyotangulia. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2015, huruhusu mbunge kuondolewa kabla ya muhula kuisha ikiwa kwanza amefungwa jela, amesimamishwa na Bunge kwa muda uliowekwa, au amepatikana na hatia ya kudanganya katika madai ya gharama zake; kisha asilimia 10 ya waliojiandikisha katika jimbo lake wakatia saini ndani ya wiki sita. Ombi la kwanza, la North Antrim mwaka 2018, lilikwama kwenye asilimia 9.4. California haidai sababu yoyote: saini zinazofikia asilimia 12 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi uliopita zinatosha kumpeleka gavana kwenye kura, na hivyo ndivyo Gray Davis alivyoondolewa Oktoba 2003.

Njia ya kwanza humwadhibu mtu kwa mwenendo na kuiacha busara yake salama, kwa hiyo inaendana na dhamana. Ya pili humwadhibu kwa maoni vilevile, kwa hiyo humgeuza mdhamini kuwa mjumbe wa maagizo, hata kama katiba imeandika kinyume. Anayetaka mbunge huru asinakili kanuni ya California. Anayetaka mjumbe wa maagizo anaweza kuinakili, lakini aongeze kipindi cha utulivu, kama Sheria ya Uchaguzi ya Kenya ya mwaka 2011 ilivyoandika kwamba ombi la kumwondoa mbunge lisianzishwe kabla ya miezi 24 tangu achaguliwe wala katika miezi 12 ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu. Bila kipindi hicho, mgombea aliyeshindwa ataanza kukusanya saini wiki ileile matokeo yanapotangazwa.